Tairi Moja Linazunguka, Jingine Limelala

Wakati wa masika, Peres alianza kila siku kwa kuosha gambuti, viatu virefu vya mpira. Zilikuwa jozi mbili, zake na za mumewe, Jackton Were. Alizisugua kwenye mfereji wa ploti yao ya vyumba vya kupanga kule Riruta, kabla majirani hawajaja na ndoo zao. Tope la jana lilikuwa limekauka na kuwa gumu kama saruji. Siku nyingine mkono ulimchoka kabla hajamaliza, akaziacha hivyo hivyo. Zingechafuka tena hata hivyo.

Peres na Jackton walikuwa na lori la kunyonya vyoo. Watu wa mtaa huliita egzosta. Jackton aliendesha. Peres alipokea simu za wateja, akavuta paipu na kusimamia pampu. Wengine huicheka kazi hiyo wakipita, huku wameziba pua. Lakini choo cha ploti kikijaa, hakuna anayecheka.

Kiangazi kazi ilikwenda vizuri. Taabu ilikuja na mvua. Mvua hujaza vyoo, na mvua hiyo hiyo huharibu njia. Lori huingia likiwa tupu bila shida. Likishajaa, halitoki mpaka lichimbuliwe kwa jembe.

"Kila siku ni jembe tu," Jackton alisema asubuhi moja. Alikuwa ameketi kitandani, mkono kiunoni. "Mimi ni dereva ama ni mkulima?"

Peres alimmiminia chai. Usiku alikuwa amemsikia akigeuka na kugumia kwa maumivu ya mgongo. Alitamani kumwambia walale tu siku hiyo. Lakini simu ililia.

Alikuwa Wavinya, mama aliyetunza ploti moja huko Kangemi.

"Mama Lenox, hii choo imefika juu kabisa," Wavinya alisema, akimwita Peres kwa jina la mwanawe. "Maji machafu yanapita mlangoni kwa watu. Watoto wameanza kuharisha. Mkuje leo, tafadhali."

Peres alimtazama mumewe. Jackton akanyoosha mkono, akachukua gambuti zake.

Ploti ya Wavinya ilikuwa chini ya mteremko. Njia yake ilikuwa ya udongo mwekundu, na mvua ilikuwa imeulainisha kama siagi. Walishuka polepole. Walinyonya mpaka tangi likajaa. Peres alikunja paipu, Jackton akawasha lori, wakaanza kupanda.

Hawakufika mbali. Tairi la nyuma la upande wa kushoto lilianza kuzunguka pale pale, likirusha tope kama kuku anayechakura. Tairi la kulia lilikuwa limekanyaga pagumu kidogo. Hilo halikuzunguka hata kidogo. Lilitulia tu, kama mtu asiye na kazi.

Mbele ya Jackton, taa ndogo ya njano ilipepesa. Alikanyaga mafuta, lakini injini ikafifia.

"Inakufa tena," alisema. "Hii gari ni mgonjwa. Na fundi anasema haoni kitu."

Wanaume waliokuwa karibu walikuja kusukuma. Mmoja wao aliitwa Kiarie. Alibeba mizigo katika soko la Kangemi, na alikuwa amewasaidia mara nyingi. Walichimba. Wakaweka mawe, wakaweka magunia. Kisha wakajipanga nyuma ya lori, wakasukuma huku Jackton akikanyaga mafuta. Klachi ilianza kunuka kama mpira unaoungua.

Lori lilipanda kidogo. Kisha likasita, likarudi nyuma.

Wengine waliruka kando. Kiarie aliteleza. Chuma cha nyuma cha lori kilimpiga gotini, akaanguka na mguu umekunjika chini yake. Peres alisikia sauti yake kabla hajamwona. Alikimbia akipiga bodi ya lori kwa kiganja ili Jackton asimamishe.

Mguu ulikuwa umevunjika. Walimfikisha Kiarie hospitalini, wakakaa naye mpaka ukafungwa plasta. Lori lilivutwa na trekta kutoka kwenye nyumba iliyokuwa ikijengwa jirani, na klachi yake ilikuwa imeungua.

Alipofika nyumbani, Jackton aliketi kitini na gambuti zake miguuni, tope likidondoka sakafuni. Peres alimvua moja, kisha nyingine.

"Tuuze hii gari," Jackton alisema mwishowe. "Turudi nyumbani Ugenya. Nimechoka, Mama Lenox. Leo ni mguu. Kesho itakuwa mtu."

"Sawa," Peres alisema. "Lakini hata kuuza, lazima itembee kwanza. Kesho nitaenda kutafuta klachi."

Siku iliyofuata alipanda gari kwenda katikati ya jiji, kwenye mtaa wa maduka ya vipuri. Duka alilolizoea lilikuwa la Khamisa, mwanamke wa Malindi aliyekuwa ameishi Nairobi miaka mingi. Alivaa buibui, na vidole vyake vilikuwa na alama za grisi.

"Klachi nyingine, mamangu?" Khamisa aliuliza. "Na ile niliyokuuzia juzi imekuwaje?"

"Imeungua kwa matope."

Khamisa hakuinuka kuitafuta. Alimvutia Peres kiti. "Hebu kaa kwanza. Mkikwama, matairi ya nyuma huzunguka yote mawili, au moja?"

Peres alifikiri. Alikuwa ameyaangalia matairi hayo mara nyingi kutoka kando ya njia, mvua ikimnyeshea. "Moja," alijibu. "Lingine linalala tu."

"Na pale mbele ya dereva, hakuna swichi yenye picha ya matairi mawili na alama ya kukata katikati?"

Peres aliijua swichi hiyo. Yeye ndiye aliyepangusa vumbi pale mbele kila wiki. Chini ya picha kulikuwa na maandishi ya Kijapani.

"Iko," alisema. "Lakini aliyetuuzia gari alisema isiguswe. Eti itavunja ekseli, kile chuma kinachobeba matairi ya nyuma."

"Basi klachi nitakuuzia," Khamisa alisema, "lakini sitaki urudi kuinunua tena mwezi ujao. Kaka yangu Shamsudin alipeleka chakula cha msaada huko kaskazini miaka mingi. Huko hakuna barabara, ni mchanga na mito. Sasa anafundisha madereva wa malori. Anakaa mtaa wa Adams, hapa Nairobi. Nitamwambia aje kwenu Jumapili."

Jackton hakufurahia habari hiyo.

"Nifundishwe kuendesha?" alisema. "Na umri huu?"

"Sijasema hujui kuendesha," Peres alijibu. "Nimesema tumechoka."

Jackton alitoka nje. Jioni hiyo alienda Kangemi kumwona Kiarie. Alirudi kabla giza halijaingia, akaketi kitandani.

"Alisema nini?" Peres aliuliza.

"Hakunilaumu. Hiyo ndiyo imeniuma." Jackton alijipangusa uso kwa mikono yote miwili. "Aliniuliza tu, kwani gari imetengenezwa isukumwe na watu?" Kisha akasema, "Huyo kaka ya Khamisa, wacha akuje."

Jumapili, baada ya kanisa, Shamsudin alifika. Alikuwa mtu mrefu mwenye kofia nyeupe na sauti ya chini. Aliwaamkia vizuri, akauliza habari za mgongo wa Jackton kabla ya kuuliza habari za lori. Fundi alikuwa amekwisha kuweka klachi mpya. Walilipeleka lori kwenye uwanja wa udongo ulio wazi, si mbali na nyumbani.

Shamsudin hakupanda garini. Aliomba kipande cha paipu.

"Bwana Jackton, shika ncha hii. Dada, shika ile. Tembeeni bega kwa bega, paipu ikae katikati yenu."

Walitembea. Ilikuwa rahisi.

"Sasa pindeni kushoto. Paipu isipinde."

Jackton alikuwa upande wa ndani. Karibu asimame. Peres, upande wa nje, ilimbidi akimbie kidogo. Watu waliokuwa wakipita walitazama. Jackton alitabasamu kwa mara ya kwanza wiki hiyo.

"Nani ametembea zaidi?" Shamsudin aliuliza.

"Mimi," Peres alisema, akihema.

"Matairi ya nyuma nayo ni vivyo hivyo. Kwenye kona, tairi la nje huenda mbali kuliko la ndani. Ndiyo maana katikati ya ekseli kuna difu. Difu inayaruhusu matairi yaende kila moja kwa mwendo wake. Bila difu, kila kona tairi moja lingeburutwa."

"Hiyo naelewa," Jackton alisema.

"Lakini difu ina ila yake. Inaipeleka nguvu ya injini kule kulikolegea. Tairi moja likiwa kwenye tope laini, ndilo linalozungushwa kwa urahisi. Linazunguka bure. Na lile lililokanyaga pagumu, ambalo lingewatoa, halipati kitu."

"Linalala," Peres alisema.

"Linalala. Sasa ukibonyeza ile swichi, unafunga difu. Matairi mawili yanakuwa kama kitu kimoja. La kushoto likizunguka, la kulia nalo lazima lizunguke. Likipata pa kushika, gari linakwenda."

Jackton alikunja uso. "Na mbona yule mtu aliniambia itavunja ekseli?"

"Hakukudanganya, ndugu yangu. Alikupa nusu ya maneno. Kwenye lami itavunja kweli. Lami inashika tairi. Ukipinda kona umefunga difu, la nje linataka kukimbia na la ndani linakataa. Hapo kitu lazima kikatike. Kwenye tope, tairi huteleza kidogo, chuma hakiumii. Kwa hiyo ni ya matope na mchanga tu. Ukifika pagumu, fungua."

Alipanda garini pamoja na Jackton. Peres alisimama kwenye ngazi ya mlango ili asikie. Jackton alibonyeza swichi. Taa yake, ambayo huonyesha kwamba difu imefungwa, haikuwaka. Alibonyeza tena.

Mabega yake yakashuka. "Hata hiyo ni mbovu," alisema.

"Haijaguswa miaka," Shamsudin alisema. "Kitu kisichotumika huganda. Tutazame."

Aliingia chini ya lori. Difu ya lori hilo ilifungwa kwa nguvu ya hewa, na paipu nyembamba ya kupitisha hewa ilikuwa imepasuka. Siku hiyo somo likaishia hapo. Peres alirudi kwa Khamisa kesho yake, akapata paipu mpya. Ilibidi wangoje fundi, na mvua ikanyesha, na Wavinya akapiga simu tena na tena. Peres alimjibu kila mara, "Vumilia kidogo." Kila alipokata simu alijisikia kama mwongo.

Paipu ilipowekwa, taa ya difu iliwaka. Shamsudin alikuja tena, na sasa kulikuwa na tope la kutosha pale uwanjani.

"Usingoje ukwame ndipo ufunge," alimwambia Jackton. "Tairi likiwa linazunguka kwa kasi, ukifunga difu utavunja meno yake. Simama kabla ya tope. Funga. Ngoja taa iwake. Halafu gia ya chini, mafuta kidogo, enda moja kwa moja. Ukilazimika kupinda, pinda kwa upana, maana gari litakuwa zito kugeuka."

"Na hii taa ya njano?" Jackton aliuliza. "Ndiyo huleta ugonjwa. Ikiwaka tu, injini inafifia."

Shamsudin alicheka kidogo. "Si ugonjwa. Huo ni mtambo wa kuzuia tairi lisiteleze. Mtambo wenyewe ukihisi tairi moja linazunguka bure, hulishika kwa breki na kupunguza nguvu ya injini. Kwenye lami yenye maji unakusaidia sana. Uache ufanye kazi. Lakini kwenye tope zito unaweza kukunyima nguvu pale unapoihitaji. Hii hapa swichi yake, yenye picha ya gari na mistari ya kuteleza. Izime unapoingia kwenye tope, na ukitoka uiwashe."

Jackton aliitazama swichi hiyo kwa muda. Alikuwa ameichukia taa ile kwa miaka. Peres aliona anavyoumia kukumbuka mafundi wote waliofungua injini isiyo na kosa.

"Na jambo la mwisho," Shamsudin alisema. Alikwenda nyuma akapitisha kidole kwenye tairi la kushoto. Lilikuwa laini kama kiganja. "Difu hailisaidii tairi lisilo na meno. Ukifunga hali matairi yamekwisha, yatazunguka bure yote mawili. Badilisha haya. Na asisimame mtu nyuma ya lori, hata rafiki yako."

"Huyo hatasimama hapo tena," Jackton alisema kwa sauti ndogo.

Walirudi Kangemi matairi yalipokuwa tayari. Wavinya aliwapokea akiwa amechoka, mikono ikinuka dawa ya kuua vijidudu. Alikuwa akimwaga dawa mlangoni kwa wapangaji tangu asubuhi. Mtoto mmoja wa ploti hiyo alikuwa amelazwa kwa kuharisha, naye sasa alikuwa anapata nafuu.

"Mlinitupa," Wavinya alisema.

"Tulikuwa tunatengeneza gari," Peres alijibu. "Tusamehe."

Walinyonya mpaka tangi likajaa. Wanaume wa mtaa walianza kusogea na majembe, kama walivyozoea. Jackton aliwainulia mkono.

"Leo kaeni kando," aliwaambia. "Upande ule, juu. Nyuma asikae mtu."

Alisimamisha lori pale tope lilipoanzia. Akazima ule mtambo wa kuzuia utelezi. Akafunga difu. Peres, aliyekuwa kando ya njia, aliona midomo yake ikisogea, kama mtu anayerudia somo. Kisha lori likaanza kupanda.

Pale lilipokwama mara ya kwanza, tairi la kushoto liliteleza. Peres alifumba macho. Hakusikia ile kelele ya kuzunguka bure. Alipofumbua, aliona tairi la kulia likizunguka pia, polepole, likiuma udongo. Lori lilitikisika, likainuka, likaendelea. Hakuna aliyelishika wala kulisukuma. Watu walilitazama likipita mbele yao na mzigo wake mpaka juu.

Peres alilifuata lori kwa miguu, akapanda garini. Walikaribia lami.

"Taa ya difu, Baba Lenox," alisema. "Bado inawaka."

Jackton alisimama. Akafungua difu, akasogea mbele kidogo kwa mstari ulionyooka mpaka taa ikazima. Akawasha ule mtambo mwingine. Ndipo akaingia barabarani.

Alipofika mbali kidogo, alisema, "Leo hatukuchimba."

"Hata kidogo," Peres alisema.

Masika hayakuisha siku hiyo. Waliendelea kuitwa, wakaendelea kurudi nyumbani wakiwa na tope. Lakini klachi haikunuka tena, na jembe lilikaa nyuma ya lori bila kushikwa. Habari ya kuuza lori haikutajwa. Jackton alimpelekea Kiarie chakula kila Jumamosi, na plasta ilipotolewa alimsindikiza hospitalini.

Siku moja walipigiwa simu na mwenye ploti mwingine wa Kangemi, kando ya kijito. Magari mengine yalikuwa yamekataa kwenda. Jackton aliliacha lori juu, mahali pa changarawe. Alichukua fimbo, akashuka kwa miguu. Peres alimwona akidunga udongo upande huu, akidunga upande ule. Fimbo ilizama karibu yote, kushoto na kulia.

"Hapa hapana," Jackton alimwambia mwenye ploti.

"Lakini nasikia gari yenu siku hizi inapanda kila mahali."

"Difu inasaidia kama tairi moja limepata pa kushika. Hapa hakuna hata moja litashika. Nikiingia nitakwama, na choo chako kitabaki vile kilivyo." Aligeuka kwa mkewe. "Mama Lenox, tuna paipu ngapi?"

"Zote tumebeba," Peres alisema.

Waliziunganisha moja baada ya nyingine, kutoka kwenye changarawe mpaka mlangoni pa choo. Ilichukua muda, na zilikuwa nzito. Lakini mteremko haukuwa mkali, na pampu ilivuta. Ilivuta polepole, ikinguruma kwa sauti moja.

Jackton aliketi juu ya jiwe, akaegemea tairi. Kwa mara ya kwanza kwa siku nyingi hakukuwa na kitu cha kuchimba. Kichwa chake kilishuka kifuani. Peres alisimama karibu na pampu akisikiliza maji yakipanda. Mwenye ploti alipotaka kuuliza jambo, Peres aliweka kidole mdomoni, akamwonyesha mumewe aliyelala.

"Uliza mimi," alimwambia kwa sauti ya chini.